Upepo wa Kando: Historia Fupi ya Ndege Ndogo na Viwanja vya Kwetu



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuandika juu ya waliotutangulia: nani alifika wa kwanza, nani alijenga, nani alizikwa wapi. Mara chache tunauliza walifikaje. Wa kwanza walifika kwa miguu na kwa mtumbwi. Waliofuata walifika kwa motokari. Tangu miaka mingi sasa, kwetu Kivu, dawa, waganga, barua na mapadri wageni hufika mara nyingi kwa ndege ndogo. Barabara ikifungwa kwa matope au kwa vita, ndege ndogo ndiyo daraja letu. Basi yafaa kujua historia ya daraja hilo, na hasa kujua mahali linapovunjikia.

Nalo huvunjikia mara nyingi katika kutua. Ndege iliyopita juu ya misitu na milima kwa saa mbili bila neno huja kupata hasara katika nusu dakika ya mwisho, mbele ya macho ya wale waliokuja kuipokea. Sababu moja ya hasara hiyo ni ya zamani kama urubani wenyewe: upepo unaokuja kwa ubavu. Tutaueleza kwanza, ndipo tutazame namna historia ilivyoufanya kuwa adui mkubwa zaidi hapa kwetu.

1. Upepo wa kando ni nini?

Mtazameni mvuvi anayetoka Goma kuelekea Idjwi, na upepo unampiga ubavuni. Hauelekezi mtumbwi wake pale anapokwenda. Huuelekeza kidogo upande ule upepo unapotoka, akaenda mshazari, naye hufika alipotaka. Rubani hufanya vivyo hivyo angani. Akikaribia kiwanja, pua ya ndege haitazami njia, inatazama upepo. Lakini ndege yenyewe inasogea sawasawa juu ya mstari wa njia.

Tofauti iko mwishoni. Mtumbwi waweza kufika pwani mshazari bila kudhurika. Ndege haiwezi, kwa kuwa magurudumu yake lazima yatazame njia yanapogusa chini. Basi katika sekunde za mwisho rubani hunyosha pua kwa kanyagio za miguu, na papo hapo hulaza bawa la upande wa upepo, ili upepo usimsukume pembeni. Ndege hutua kwa gurudumu moja kwanza, kisha la pili. Akinyosha mapema mno, upepo humtoa njiani. Akichelewa, magurudumu hugusa yakiwa yamekaa upande, mguu huvunjika, au ndege huzunguka na bawa kulima udongo. Hata baada ya kugusa kazi haijaisha: ndege inapopunguza mwendo, usukani wa mkia hukosa nguvu, nao upepo haupungui.

Nguvu ya upepo huo hupimwa kwa pembe. Upepo wa kilometa 40 kwa saa ukija kwa pembe ya digrii 30 na njia, nguvu yake ya kando ni kilometa 20. Ukija kwa digrii 60, ni karibu kilometa 35. Ukikatiza njia kabisa, ni 40 zote. Ndege ya Cessna 172, ambayo ni ya watu wanne na inajulikana sana duniani, ilionyeshwa na watengenezaji wake kwamba yaweza kutua katika upepo wa kando wa kilometa 28 hivi kwa saa. Hiyo haina maana kwamba katika 29 itaanguka. Maana yake ni kwamba kupita hapo mtengenezaji hakuonyesha kitu, na rubani anajitegemea mwenyewe. Tena upepo uo huo si sawa kwa wote. Ndege ndogo hukaribia njia kwa kilometa kama 110 kwa saa, hivi kwamba upepo wa 28 ni robo ya mwendo wake. Ndege kubwa ijayo kwa 250 huuona upepo huo kuwa sehemu ya tisa tu. Mdogo ndiye anayesukumwa.

2. Wakati wa uhuru

Ndege za kwanza katika mashariki ya Kongo hazikuwa na njia hata moja, maana zilitua majini. Katika mwaka wa 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, Wabelgiji walileta katika Ziwa Tanganyika ndege nne za majini aina ya Short walizopewa na Waingereza. Zilisafirishwa katika vipande, kwa meli, kwa gari-moshi na kwa mikono ya wapagazi, mpaka M'Toa, si mbali na Kalemie ya leo. Kazi yao ilikuwa kushambulia bandari ya Kigoma na meli ya Wadachi Graf von Götzen, ambayo baadaye ilipata jina la Liemba. Lakini Ziwa Tanganyika lina mawimbi makali, na upepo wake uliwasumbua. Wakahamia ziwa dogo la Tungwe, lenye maji matulivu, na kutoka huko rubani Aimé Behaeghe na mwenziwe Léon Collignon waliruka kwenda Kigoma mwezi wa sita mwaka ule. Hivyo, tangu mwaka wa kwanza wa ndege katika nchi hizi, upepo na mawimbi ndivyo vilivyochagua kiwanja.

Katika siku zile viwanja vya nchi kavu navyo vilikuwa mashamba mapana ya majani. Rubani alitazama moshi au kitambaa kilichotundikwa mtini, akajua upepo unatoka wapi, akatua akiukabili. Ndege zilikuwa nyepesi na dhaifu, lakini uwanja ulikuwa wazi pande zote. Upepo wa kando haukuwa taabu kubwa, kwa kuwa rubani aliweza kugeuka tu na kuufanya kuwa upepo wa mbele.

Mbelgiji Edmond Thieffry alikuwa mtu wa zama hizo. Tarehe 12 mwezi wa pili 1925 aliondoka Brussels pamoja na Léopold Roger na Jef De Bruycker, katika ndege ya injini tatu iliyoitwa Princesse Marie-José. Walifika Léopoldville tarehe 3 mwezi wa nne, baada ya siku 51. Thieffry alirudi tena Kongo kutafuta namna ya kuunganisha miji ya ndani kwa ndege ndogo. Katika kazi hiyo, tarehe 11 mwezi wa nne 1929, ndege yake ilianguka karibu na Ziwa Tanganyika, naye akafa. Yeye aliyekuwa amevuka jangwa na misitu aliuawa katika safari ya ndani ya nchi.

Watu wa misioni nao waliingia mapema katika historia hii. Padri Paul Schulte, Mdachi wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, aliyekuwa rubani katika vita ya kwanza, alianzisha mwaka wa 1927 chama cha MIVA ili kuwapatia wamisionari vyombo vya kusafiria. Alisukumwa na kifo cha rafiki yake padri Otto Fuhrmann, aliyefariki kusini mwa Afrika mbali na mganga, kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi. Tangu mwanzo, basi, ndege ya misioni ilitokana na haraka ya kuokoa uhai. Haraka hiyo ni njema. Lakini tutaona kwamba ndiyo pia inayoleta hatari.

3. Njia moja

Ndege zilipoanza kuwa nzito, majani hayakuzitosha tena. Zilihitaji ardhi ngumu, ndefu, iliyosawazishwa. Kutengeneza shamba zima namna hiyo ni gharama isiyowezekana, kwa hiyo watu walitengeneza ukanda mmoja. Katika nchi tajiri mara nyingi walijenga njia mbili au tatu zinazokatizana, ili rubani awe na ya kuchagua. Katika nchi zetu ilijengwa moja. Hapo ndipo upepo wa kando ulipozaliwa kama taabu ya kila siku. Upepo haukubadilika, uwanja ndio uliobadilika. Rubani aliyekuwa na pande zote alibakiwa na pande mbili.

Watengenezaji wa ndege waliliona jambo hilo, wakatafuta dawa. Ndege za zamani, pamoja na ile DC-3 iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1935 na kutumika miaka mingi katika Kongo, zilikuwa na gurudumu dogo chini ya mkia, na uzito wao ulikaa nyuma ya magurudumu makubwa. Watu wa Goma wataelewa kwa mfano wa chukudu: ukipakia mzigo wote nyuma kabisa na gurudumu la mbele likapinda kidogo katika mteremko, mzigo hutaka kupita mbele, na chukudu huzunguka. Ndivyo ndege hizo zilivyozunguka zikipigwa na upepo wa kando baada ya kugusa chini. Kuanzia miaka ya 1950 ndege ndogo nyingi zilipewa gurudumu la mbele, chini ya pua. Cessna 172 ilitoka namna hiyo mwaka wa 1956. Uzito ukawa mbele ya magurudumu makubwa, na ndege ikawa inajinyosha yenyewe. Hiyo ilikuwa faida kubwa, lakini haikumrudishia rubani zile pande zilizopotea.

4. Kiwanja cha Goma

Njia ya kiwanja cha Goma imelala toka kusini hata kaskazini. Kusini iko mitaa ya mji, kisha ziwa. Kaskazini iko Nyiragongo, mlima wa moto unaozidi mita 3,400. Mchana nchi hupata joto kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja mjini. Usiku hewa baridi hushuka kutoka milimani. Pepo hizo mbili hufuata njia kwa kiasi. Lakini katika majira ya mvua wingu la dhoruba laweza kuleta upepo kutoka upande wowote, nao hubadilika katika dakika chache.

Kwa sababu ya mlima, mara nyingi ndege hutua zikitoka upande wa ziwa, na kuruka zikielekea ziwa. Upepo wa mchana ukivuma, basi, anayetua huupata mgongoni badala ya usoni, na ukiwa wa mshazari humpata mgongoni na ubavuni kwa pamoja. Tena Goma iko mita 1,550 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, hivi kwamba ndege ambayo chombo chake chaonyesha mwendo wa 110 kwa kweli yaenda karibu 119, na yahitaji kama sehemu moja ya sita zaidi ya njia ili isimame.

Juu ya hayo ulikuja moto. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilipasuka. Lava ilipita katikati ya mji, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikafunika pia sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, karibu theluthi moja. Njia iliyokuwa na mita kama 3,000 ikabakiwa na 2,000 hivi, na mwisho wake ukawa ukuta wa mawe meusi. Kwa miaka mingi marubani walitua wakiutazama ukuta huo.

Matokeo twayakumbuka. Tarehe 15 mwezi wa nne 2008 ndege ya DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa wakaaji na wachuuzi. Tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2009 ndege ya MD-82 ya CAA ilitua, ikakosa kusimama, ikaingia katika lava, hakuna aliyekufa. Tarehe 4 mwezi wa tatu 2013 Fokker 50 ya CAA ilianguka mjini ikija kutua katika hali mbaya ya hewa. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019 ndege ndogo ya Dornier 228 ya Busy Bee ilianguka Mapendo mara baada ya kuruka, na watu zaidi ya 20 wakafa. Si haki kusema kwamba upepo wa kando ulileta misiba hii yote. Kila mmoja una sababu zake. Twazitaja kwa neno moja: kiwanja kilichofungwa na mji upande mmoja na lava upande wa pili hakimsamehe mtu kosa dogo, liwe la injini, la breki au la upepo.

Baadaye kiwanja kilifanyiwa kazi kubwa kwa msaada wa Banki ya Dunia. Kisha, mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoutwaa mji, kiwanja kilifungwa. Ndipo wengi walipotambua ni mambo mangapi yalikuwa yakipita hapo.

5. Barabara ya Kilambo

Goma angalau ina kiwanja. Ndani ya wilaya pahali pengi hapana. Huko Walikale, wakati biashara ya mawe ya Bisie ilipokuwa na nguvu, ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe, penye kipande cha lami karibu na Kilambo. Motokari zilisimamishwa, watu wakasogea pembeni, ndege ikatua, ikapakia, ikaruka. Hapo historia yetu yafikia mwisho wake. Ziwani palikuwa na pande zote. Katika kiwanja zilibaki pande mbili. Barabarani, iliyochongwa katikati ya msitu kufuata haja ya motokari, hakuna aliyeuliza upepo hutoka wapi. Miti mirefu huuzuia upepo, kisha penye uwazi huuachilia kwa ghafula, na ndege iliyokuwa imetulia hupigwa ubavuni ikiwa mita chache tu juu ya lami.

6. Uhuru wa mwisho

Tumeona kwamba kila hatua ya historia ilimwondolea rubani uchaguzi mmoja. Uzito wa ndege ulimwondolea uwanja mpana. Umaskini ukamnyima njia ya pili. Volkano ikamkatia njia aliyokuwa nayo. Vita ikamsukuma kutua barabarani. Umebaki uhuru mmoja: kutotua. Rubani aweza kupaa tena na kuzunguka, aweza kungoja upepo upoe, aweza kurudi alikotoka. Vitabu vyote vya urubani vyafundisha hivyo, nao mabingwa hawaoni haya kufanya hivyo.

Uhuru huo nao una saa yake. Tarehe 4 mwezi wa nne 2011 ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilifika Kinshasa pamoja na dhoruba. Ilipojaribu kupaa tena, hewa iliyoporomoka kutoka katika wingu iliikamata ikiwa chini sana. Kati ya watu 33 alipona mmoja. Tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2022, huko Bukoba katika Tanzania, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kiwanja katika hali mbaya ya hewa. 19 walikufa, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuwasaidia waliopona. Ndege hizo zilikuwa kubwa kuliko zile tunazozitaja hapa. Zatufundisha kwamba uamuzi wa kugeuka ni bora ufanywe mbali, ndege ikiwa bado na kimo na nafasi.

Nani basi humwondolea rubani uhuru huo wa mwisho? Mara nyingi ni sisi. Ni mwenye mali anayehesabu bei ya mafuta. Ni mkubwa anayengojewa mkutanoni. Ni abiria anayesema, «Jana mwenzako alitua». Ni mwenye kuongeza gunia moja nje ya kipimo, asijue kwamba uzito huo utaongeza mwendo wa kutua na urefu wa kusimama. Tena ni yule anayejibu katika redio ya misioni, ile tuiitayo foni. Rubani huuliza kutoka mbali: upepo ukoje? Huyu amengojea dawa wiki tatu, na mgonjwa amelala mlangoni. Anaona miti ikiinama, naye anajibu kwamba hali ni nzuri. Amesema hivyo kwa huruma, lakini ni ushuhuda wa uongo, nao waweza kuua wale waliokuja kuokoa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, katika daraja hili kila mmoja ana sehemu yake. Penye kiwanja cha majani, tukate majani na kuangalia ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo: ukiraruka, tushone mwingine, kwa kuwa ni kazi ya saa moja kwa sindano na uzi. Watoto na mbuzi waondolewe njiani mapema, siyo wakati ndege imekwisha kushuka. Kwenye foni tuseme tunachokiona: upepo watoka upande gani, je, unavuma kwa mfululizo au kwa mapigo, mvua iko karibu au mbali. Na ndege ikizunguka juu yetu mara mbili kisha ikageuka na kwenda zake, tusimcheke rubani wala tusimwite mwoga. Wazee walisema: kawia ufike. Dawa iliyorudi Goma jioni yaweza kuja tena kesho asubuhi, upepo umelala, pamoja na yule anayejua kuileta.